Ngome ya Mtandao Hainunuliwi kwa Nembo

Mwaka wa fedha wa Serikali hufungwa tarehe 30 Juni, na kila mtumishi wa umma anazijua wiki chache zinazoitangulia tarehe hiyo. Ni majira ya mavuno kwa wauzaji. Fedha ambazo hazikuonekana tangu Julai huingia kwa ghafla, kila idara inahofia bakaa lake litarudi Hazina, na hapo huanza msako wa kitu kinachoweza kuagizwa, kupokelewa na kulipiwa kabla ya vitabu kufungwa. Katika majira hayo ndipo hununuliwa vitu ambavyo kiongozi hawezi kuvikagua kwa macho. Dawati likikosa mguu, diwani ataliona. Barabara ikimomonyoka, bodaboda wataipigia kelele. Lakini kisanduku cheusi kilichofungwa ndani ya chumba chenye kiyoyozi, chenye vitaa vya kijani vinavyopepesa usiku na mchana, nani atakikagua?

Nazungumzia fayawoli. Wengine huiita ukuta wa moto. Mimi katika makala hii nitaiita ngome, maana kazi yake ni ya ngome: kukaa mlangoni mwa mtandao wa ofisi, kuruhusu cha kuruhusiwa na kuzuia cha kuzuiwa. Hoja yangu ni hii. Imeenea nchini desturi ya kuchagua ngome kwa nembo, kwa kijitabu cha muuzaji na kwa kalenda ya bajeti, wala si kwa uimara wa mashine yenyewe na uwezo wetu wa kuitunza. Mkoa wetu wa Mara haukusalimika. Kuanzia Iringo na Mukendo mjini Musoma hadi Bunda na Butiama, suala hili linaachwa kwa wazabuni kana kwamba ni la kiufundi tu. Kwangu ni suala la kisiasa, kwa sababu linaamua siri za nani zitalindwa, kwa fedha za nani, na kwa kumtegemea nani.

Tuondoe uchawi kwanza

Ngome ya mtandao ni kompyuta. Ina prosesa, kumbukumbu, diski na kifaa cha kuingizia umeme, kama ilivyo kompyuta ya karani wa masjala. Tofauti yake ni kwamba ina matundu mawili au zaidi ya nyaya za mtandao, moja likielekea nje kwenye intaneti na jingine likielekea ndani ya ofisi. Kila kifurushi cha data kinachotaka kupita husimamishwa na kuhojiwa: unatoka wapi, unakwenda wapi, unapitia mlango gani, na je, kuna aliye ndani aliyekuita? Jibu likipatana na kanuni zilizoandikwa, kifurushi hupita. Lisipopatana, hutupwa, na tukio huandikwa katika kumbukumbu.

Programu ya kufanya kazi hiyo si siri ya kampuni yoyote. Wanaprogramu wa OpenBSD walikitoa kichujio chao kiitwacho pf mwaka 2001. Mwaka 2004 ulianza mradi wa pfSense ukijengwa juu ya kichujio hicho, na kutoka humo ukachipuka mradi wa OPNsense, ambao toleo lake la kwanza lilitoka Januari 2015. Programu hizo hupatikana bila malipo na husimikwa kwenye kompyuta ya kawaida. Mfumo wa Linux nao una kichujio chake ndani ya kiini. Hata visanduku vya makampuni makubwa, ukiviondoa mifuniko, utakuta prosesa, kumbukumbu na diski, baadhi vikiongezewa chipu maalumu za kuharakisha kazi. Muuzaji hana sababu ya kukueleza jambo hili. Afisa wa umma anayetumia fedha za umma hana ruhusa ya kutolijua.

Kinachowekwa rehani

Atatokea wa kusema kwamba mifumo mikubwa ya Serikali imehifadhiwa katika vituo vya data vya Serikali, mbali na Bunda na Butiama. Wilayani kuna nini cha kulindwa? Swali hili linasahau kwamba mlango wa mfumo mkubwa ni kompyuta ndogo ya mhasibu. Mwizi hahitaji kuvunja kituo cha data ikiwa anaweza kukaa kimya ndani ya mtandao wa ofisi ya wilaya, akasoma nywila ya mhasibu, ya afisa utumishi au ya mkusanya mapato, kisha akaingia kwa jina la mhusika. Tena ziko taarifa zinazokaa palepale: barua za nidhamu, mikataba, picha za kamera za ulinzi, na katika hospitali nyingi, seva yenye majalada ya wagonjwa.

Dunia imekwisha kutupa mafunzo mawili ya wazi. Mwezi Februari 2016 wezi waliingia katika mtandao wa Benki Kuu ya Bangladesh na kutuma maagizo ya kuhamisha dola za Marekani milioni 951 kutoka akaunti yake huko New York. Maagizo mengi yalizuiwa, lakini dola milioni 81 ziliishia Ufilipino. Mpelelezi wa polisi wa nchi hiyo aliliambia shirika la habari la Reuters mwezi Aprili mwaka huohuo kwamba benki haikuwa na ngome, na kwamba ilitumia swichi kuukuu za thamani ya dola 10 kuunganisha kompyuta zilizogusa mfumo wa malipo ya kimataifa. Benki kuu ya taifa, dola 10.

La pili ni la hospitali. Mwezi Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilivuruga huduma za afya za umma za Uingereza. Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi ya nchi hiyo ilihesabu taasisi 81 kati ya 236 za England zilizoathirika, na ikaripoti makadirio kwamba miadi ya wagonjwa takriban 19,000 ilifutwa. Wakaguzi hao walisema jambo ambalo lingepaswa kubandikwa ukutani katika kila chumba cha seva: kwamba hata taasisi ambazo hazikuwa zimesasisha kompyuta zao zingeweza kujikinga kama zingesimamia vizuri ngome zao zinazotazama intaneti. Hawakusema zingenunua ghali zaidi. Walisema zingesimamia.

Hapa kwetu tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Inamtaka anayekusanya taarifa za mtu azilinde. Mama wa Nyamuswa anayepimwa damu hana nafasi ya kuchagua ngome itakayolinda majibu yake. Amechaguliwa. Kwa hiyo waliochagua wanawajibika kwake.

Kosa la kwanza: kuabudu nembo

Kauli inayotawala vikao vingi vya ununuzi ni kwamba kifaa cha kampuni kubwa hakiharibiki na hakidukuliwi. Kauli hii ni imani tu. Ushahidi unaikana.

Mwanzoni mwa mwaka 2017 ilibainika kwamba prosesa za Intel za familia ya Atom C2000 zilikuwa na kasoro katika saa yake ya ndani, kiasi kwamba kifaa kingeweza kufa ghafla na kisiwake tena. Cisco ilitangaza kwamba vifaa vyake vyenye kijenzi chenye kasoro, zikiwemo baadhi ya ngome zake, vingeweza kuanza kufa baada ya takriban miezi 18 ya kazi. Kasoro hiyohiyo iligusa pia vifaa vya makampuni madogo yanayouza ngome za programu huria. Chipu haikujali nembo iliyobandikwa juu ya kisanduku. Lililotofautisha wateja ni dhamana: Cisco iliahidi kuwabadilishia wale ambao vifaa vyao vilikuwa bado ndani ya dhamana au ndani ya mkataba halali wa huduma. Ofisi iliyonunua nembo na kuacha mkataba ukafa ilibaki na nembo.

Mwezi Juni 2023 kampuni ya Barracuda iliwaambia wateja ambao vifaa vyao vya kulinda barua pepe vilikuwa vimedukuliwa kwamba wavitoe na kuviweka vingine, haidhuru walikuwa wameweka sasisho gani. Mwezi Desemba 2015 kampuni ya Juniper ilikiri kukuta ndani ya programu ya ngome zake msimbo ambao haikuuidhinisha, uliofungua mlango wa nyuma. Mwezi Mei 2014 zilichapishwa nyaraka na picha zilizoonyesha maafisa wa ujasusi wa Marekani wakifungua masanduku ya vifaa vya mtandao vikiwa njiani kwenda kwa wanunuzi, ili kupandikiza vyao. Na mwezi Januari 2018 gazeti la Le Monde la Ufaransa liliripoti kwamba data kutoka seva za makao makuu ya Umoja wa Afrika mjini Addis Ababa, jengo lililotolewa zawadi na China, zilikuwa zikisafiri kila usiku kwenda Shanghai, China ilikanusha.

Msomaji asinielewe vibaya. Sisemi vifaa vya Mashariki ni vibovu na vya Magharibi ni vizuri, wala kinyume chake. Nchi hii ilijengwa na mtu wa Butiama aliyetufundisha kutofungamana na upande wowote, na katika teknolojia kutofungamana kuna maana inayopimika: kutumia programu ambayo msimbo wake unasomeka, juu ya mashine ambayo sehemu zake zinapatikana kwa zaidi ya muuzaji mmoja, ili siku ukigombana na mmoja usibaki uchi.

Kosa la pili: kununua ng'ombe na kusahau malisho

Ngome nyingi za kibiashara huuzwa pamoja na leseni ya mwaka mmoja au mitatu. Leseni ikiisha, orodha za vitisho vipya huacha kuingia, na mara nyingi haki ya kupata masasisho ya programu nayo hukoma. Kisanduku huendelea kuwaka taa. Kwa mkaguzi anayehesabu mali, kipo, kina namba ya usajili, kimepakwa rangi ya Serikali. Kwa mdukuzi, ni mlinzi aliyelala akiwa amevaa sare.

Kiini cha tatizo kimo ndani ya bajeti zetu. Kununua kifaa huhesabiwa kuwa maendeleo, na maendeleo hupigiwa makofi, hupigwa picha, huandikwa katika taarifa ya robo mwaka. Kuhuisha leseni ni matumizi mengineyo, na matumizi mengineyo ndiyo ya kwanza kukatwa fedha zinapopungua. Hivyo tunao uwezo wa kununua ngome mpya ghali kila baada ya miaka kadhaa, lakini hatuna uwezo wa kuiweka hai ile tuliyo nayo. Afisa TEHAMA huandika dokezo, dokezo hupanda, dokezo hulala, na leseni hufa.

Taifa hili limewahi kulipa karo ya somo hili. Mwaka 2001 Serikali iliidhinisha ununuzi wa rada kutoka BAE Systems ya Uingereza kwa pauni milioni 28. Wataalamu wa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga waliitathmini na kuona ni ghali mno na haiwafai vya kutosha waongozaji wa ndege za kiraia. Baada ya kesi huko Uingereza, pauni milioni 29.5 zilirejeshwa, zikanunua vitabu na madawati, na lugha yetu ikapata msemo mpya: chenji ya rada. Rada ile ilikuwa na nembo nzuri. Swali ambalo halikuulizwa kwa sauti ya kutosha ni dogo kuliko rada: je, kitu hiki ndicho tunachohitaji?

Kosa la tatu: rahisi ghali

Wapo waliokimbilia upande wa pili. Wamesikia kwamba programu huria ni bure, wakachukua kompyuta ya mezani iliyostaafishwa na mhazini, wakaichomekea kadi ya mtandao ya bei ya kutupa, wakaisimika chini ya meza karibu na ndoo ya deki, na kuiita ngome. Baada ya miezi minne feni imejaa vumbi, diski inalia, na kila umeme ukikatika mtandao haurudi mpaka kijana fulani aje kubonyeza kitufe. Kisha kikao kinaamua kwamba programu huria haifai. Haikujaribiwa. Kilichojaribiwa ni uchakavu.

Ubahili huu ni ndugu wa ufujaji. Wote wawili hukwepa kazi moja, nayo ni kufikiri.

Mashine ya kuaminika ikoje

Mvuvi wa mwalo wa Mwigobero hachagui mtumbwi kwa rangi. Anagonga mbao, anatazama misumari na mishono, anauliza ni nani aliyeuunda na kama bado yu hai wa kuukarabati, na haingii ziwani bila chombo cha kufulia maji. Afisa wetu naye ana mambo yake ya kugonga.

La kwanza ni ukubwa. Ofisi inayolipia megabiti 50 kwa sekunde haihitaji mashine iliyotangazwa kupitisha gigabiti 20. Kompyuta ndogo ya kisasa yenye prosesa ya viini vinne hupitisha gigabiti 1 ya kawaida bila kuhema. Afisa ajue pia kwamba tarakimu kubwa ya kijitabu cha muuzaji hupimwa ukaguzi wa kina ukiwa umezimwa. Ukiuwasha, uwezo hushuka mara kadhaa. Kama ofisi inatumia njia ya siri ya kuunganisha matawi, prosesa iwe na maelekezo ya ndani ya kusimba data, yaani AES-NI.

La pili ni kadi za mtandao. Hapa ndipo ngome nyingi za kuunga huanguka. Kadi za Intel za familia za i210 na i350 zimejijengea jina kwa sababu mifumo ya OpenBSD, FreeBSD na Linux inazifahamu vizuri. Sokoni zipo za bandia, kwa hiyo zinunuliwe kwa muuzaji anayeweza kubanwa na mkataba.

La tatu ni sehemu zinazokufa mapema. Katika kompyuta, vinavyozunguka na vinavyopata joto ndivyo vinavyotangulia kaburini: feni, diski za kuzunguka, kifaa cha umeme. Kwa hiyo diski ziwe mbili zisizozunguka, zikiakisiana, ili moja ikifa nyingine iendelee. Kadi ndogo za kumbukumbu za aina ya simu zisitumike, kwa sababu uandishi wa kumbukumbu za matukio huzimaliza. Kumbukumbu ya mashine iwe ya aina ya ECC, inayosahihisha makosa yake yenyewe, pale bajeti inaporuhusu. Vifaa vya umeme viwe viwili, au mashine ziwe mbili. Na kuwe na njia ya kuiona na kuiwasha mashine kutoka mbali, ili mtu asiamke saa nane za usiku kwenda kubonyeza kitufe.

La nne ni mahali. Kijitabu kilichoandikwa California hakimjui Nyanza. Bonde la Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi zaidi duniani, na ngurumo za juu ya ziwa hupiga zaidi usiku, wakati ofisi imefungwa. Ngome ya thamani yoyote, ikiwa imeunganishwa kwa waya wa shaba uliovuka uwanja kutoka jengo hadi jengo, inangojea siku yake. Kati ya majengo upite mkongo wa nuru, ambao haupitishi radi. Nyaya za kutuliza umeme ardhini zipimwe, zisikadiriwe. Na umeme upitie UPS yenye kidhibiti cha volteji. Betri zake zihesabiwe kuwa za kubadilishwa, kwani joto la chumba linapozidi nyuzi 25 kwa nyuzi 10 umri wake hupungua karibu nusu. Vumbi la kiangazi na wale wadudu wadogo wa ziwani ambao kwa majira huinuka juu ya maji kama moshi huingia katika kila feni. Mashine isiyo na feni, yenye mapezi ya kupooza joto, mara nyingi inafaa zaidi Musoma kuliko seva ya kifahari inayonguruma.

La tano ndilo kubwa: nunua mbili zinazofanana. Programu nilizozitaja huziwezesha mashine mbili kushirikiana anwani moja, hivi kwamba ya kwanza ikizimika ya pili hushika zamu ndani ya sekunde chache. Na mipangilio yote ya ngome huhifadhiwa katika faili moja. Faili hilo likiwa na nakala mahali salama, hata mashine zote mbili zikiungua, kompyuta yoyote nzima yenye kadi mbili za mtandao inaweza kusimama mlangoni siku hiyohiyo, wakati kisanduku kipya kinasubiriwa. Kwa kisanduku kilichofungwa na kampuni, unasubiri sanduku kutoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000, na kabla ya hapo labda kutoka ng'ambo. Ngome isiyo na mbadala ni kamari, na dau lake si la afisa, ni la mwananchi.

Wanaopinga wasikilizwe

Wanasema kifaa cha kampuni kubwa kinakuja na mtu wa kumpigia simu. Ni kweli, na ni hoja nzito kwa muda ambao mkataba uko hai. Lakini usaidizi wa kulipia upo pia upande wa programu huria: kampuni ya Netgate ya Marekani na Deciso ya Uholanzi huuza mashine na huduma kwa anayetaka. Sipingi kulipa. Napinga kulipa kwa sanduku na kutokulipa kwa mtu.

Wanasema programu huria nazo huwa na mianya. Ni kweli tena. Huwa nayo, huzibwa, na asiyesasisha huumia. Tofauti ni kwamba sasisho halizuiliwi na leseni iliyokufa wala dokezo lililolala.

Wanasema sheria inabana. Tuisome. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 inadai thamani ya fedha, na thamani ya fedha haipimwi kwa bei ya siku ya kwanza peke yake. Kanuni za ununuzi nazo haziruhusu vigezo vya kiufundi kutaja jina la kampuni bila kufungua mlango kwa kilicho sawa nacho. Lakini tunajua jinsi kizuizi hicho kinavyorukwa: jina la kampuni linafutwa, kisha vigezo vinanakiliwa neno kwa neno kutoka kijitabu chake, hadi idadi ya matundu na uzito wa kisanduku, na mzabuni anayefaa anabaki mmoja. Hakuna sheria iliyokiukwa kwa herufi, na ushindani umekwisha kuzikwa. Kuhusu viwango, Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 imeweka Mamlaka ya kuvisimamia. Ofisi iende huko na mchoro wake kabla ya kununua, isiende baada ya kununua kuomba baraka.

Wanasema wataalamu hawatoshi. Hii ndiyo hoja ninayoiheshimu kuliko zote, na ndiyo inayowageukia. Kisanduku ghali kisicho na mtaalamu hubaki na nywila ya kiwandani na kanuni moja inayoruhusu kila kitu kupita. Ikiwa mtu anahitajika vyovyote iwavyo, basi fedha iende kwa mtu. Butiama kuna Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Mwalimu Julius K. Nyerere. Vijana wa mafunzo kwa vitendo wanapofika katika halmashauri zetu hupewa kazi ya kupiga chapa na kutengeneza printa. Wapewe mashine mbili kuukuu, waya na programu huria, wajenge ngome ya mazoezi, waiangushe na kuisimamisha mbele ya msimamizi wao. Huko ndiko kujitegemea kunakoanzia, na hakuhitaji msamaha wa kodi.

Nakubali pia mpaka wa hoja yangu. Kituo kikubwa cha data chenye makumi ya gigabiti, au benki yenye matawi nchi nzima, huenda kikahitaji mashine maalumu zenye chipu maalumu. Ofisi ya wilaya siyo kituo hicho, na haina sababu ya kuvaa koti la mtu mwingine.

Yaulizwe maswali

Musoma inajua maana ya mashine nzuri zilizonyamaza. Wazee wanaikumbuka Mutex, kiwanda cha nguo kilichokuwa fahari ya mji huu. Mashine haiwi mali kwa sababu imenunuliwa. Huwa mali ikiwa na vipuri, na umeme, na fundi.

Basi diwani anapoketi katika kamati ya fedha, mkaguzi wa ndani anapofungua jalada, na mwanafunzi anapokwenda mafunzoni, waulize. Ngome yetu ilisasishwa lini mara ya mwisho, na nani aliandika? Leseni yake inaisha tarehe gani, na fedha ya kuihuisha iko katika kifungu gani? Ikifa leo saa nane usiku, nini kitashika nafasi yake, na kiko wapi? Nakala ya mipangilio iko wapi, na lini ilijaribiwa kurejeshwa? Ni watu wangapi wanaojua kuiendesha, na mmoja akihamishwa nani atabaki? Na vigezo vya zabuni vilitungwa na nani, kwa kutumia kijitabu cha nani?

Maswali haya hayahitaji shahada ya kompyuta. Yanahitaji mtu asiyeogopa kuonekana mjinga mbele ya maneno ya kigeni. Nawe afisa TEHAMA, ambaye dokezo lako limelala, liandike upya kwa Kiswahili kinachoeleweka, uweke ndani yake gharama ya miaka mitano badala ya bei ya siku moja, na uombe lisomwe kikaoni na kuandikwa katika muhtasari. Lisipokubaliwa, angalau itajulikana ni nani aliyelikataa, na kwa sababu gani.